Mnunuzi Ana Muhula, Karani Hana

Hakuna swali ambalo vijana wanaonunua nyumba yao ya kwanza humwuliza wakili mapema zaidi kuliko hili, wala hakuna jibu linalowaridhisha kidogo kuliko lile wapewalo. Bei imekwisha kukatwa, mwenye nyumba amekubali, dalali ameanza kuulizia haki yake, jamaa wa pande zote mbili wametoa pongezi zao, na mume na mke, baada ya miaka ya kulipa kodi ya pango Kisauni au Changamwe, wanataka kujua jambo moja tu: kutoka siku hii tuliyokubaliwa mpaka siku nyumba itakapokuwa yetu, ni muda gani? Wakili, akiwa mkweli, huwaambia kwamba mikataba mingi ya mauzo nchini Kenya huandikwa siku 90. Na akiwa mkweli zaidi, huongeza kwamba siku hizo 90 ni za kwenye karatasi, na kwamba ikiwapo benki katikati, au nyumba ikiwa ni ya mirathi, au kiwanja kikiwa cha kukodishwa na serikali kwa miaka maalumu na si cha milki ya daima, wajitayarishe kwa nusu mwaka, na nusu mwaka ikipita wasishangae.

Wengi huyasikia hayo na kulaani muda wote huo kwa jumla, kana kwamba kila siku inayopita ni siku iliyoibwa. Mimi sikubaliani nao. Zipo siku katika ngojea hiyo ambazo ni kinga ya mnunuzi, na atakayemshauri azikimbie anamtakia shari hata kama hajui. Na zipo siku nyingine ambazo hazimkingi mtu yeyote, hazina mwenyewe, wala hakuna anayeulizwa kwa kupotea kwake. Kosa la sheria zetu ni kwamba aina mbili hizo za siku zimechanganywa pamoja, kisha gharama ya zote akatwikwa mtu mmoja.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na fikra iliyo wazi juu ya jambo hili. Katika sharia ya Kiislamu, ambayo ndiyo iliyoongoza biashara ya pwani hii kwa karne nyingi, bai hutimia kwa kauli mbili, ya mwenye kutoa na ya mwenye kupokea, maadamu kitu kinajulikana na thamani yake inajulikana. Na hata hivyo mafakihi hawakumwacha mshitiri bila ya ngao, bali walimpa khiyari ya kurudi nyuma muda wote ambao wawili hao hawajaachana katika majlisi yao, na khiyari ya sharti, ambayo kwa Mashafii haipiti siku tatu, na khiyari ya aibu, ikidhihiri kwamba kitu kina ila iliyofichwa. Hata arbuni, ambayo leo hakuna anayenunua kiwanja bila ya kuitoa, Mashafii, ambao ndio wengi wa Waislamu wa pwani, hawakuiridhia bai yake, kwa kuona kwamba si insafu muuzaji kula fedha ya mtu kwa bai isiyotimia, ilhali Mahanbali waliiruhusu. Sitaki kusema kwamba turudi huko. Nyumba ya leo ina benki, ina kaunti, ina wizara na ina mpima ardhi, na mambo hayo hayamaliziki kwa watu wawili kukaa barazani. Nalitaja kwa sababu kila khiyari katika hizo ilikuwa na mpaka wake, na mpaka huo uliwashika muuzaji na mnunuzi sawasawa.

Sheria ya Kenya imeshika njia nyingine. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka mapatano ya kuuza ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe, pasipo hayo, hakuna mahakama itakayosikiliza madai ya mtu aliyesema, "Lakini alinikubalia." Maana yake ni kwamba siku ile ya pongezi, kisheria, haijatokea kitu. Muuzaji aweza kesho yake kumpata mwenye laki mbili zaidi akamwuzia, na mnunuzi wa kwanza akabaki na hasira zake tu. Waingereza wanaijua vizuri adha hii, kwani huko England nako kukubaliwa si kufungwa: mpaka mikataba ibadilishanwe, muuzaji yu huru kumpokea mwenye bei kubwa zaidi, na watu wamelalamika kwa miongo mingi bila ya Bunge lao kuubadilisha msingi huo. Kwa hiyo shauri la kwanza kwa aliyekubaliwa ni kuharakisha mkataba uandikwe, maana muda kati ya kauli na sahihi ndio ambao haumlindi kwa lolote.

Mkataba ukiisha kutiwa sahihi, na asilimia 10 ikiisha kulipwa kuwa arbuni, ndipo zinapoanza siku nilizosema ni za kinga. Wakili hufanya upekuzi katika daftari la ardhi kuona jina la mwenye mali, na kuona kama ipo rehani au zuio juu yake. Mpima ardhi huenda kutazama kama bikoni zimo mahali pake na kama ukuta wa jirani haukuingia ndani ya kiwanja. Hutafutwa ridhaa ya mke au mume wa muuzaji, kwa kuwa tangu Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja wao pasi na mwenziwe kukubali. Mombasa, na hasa Mji wa Kale, huongezeka swali ambalo mnunuzi wa Nairobi hana haja nalo, nalo ni kama kiwanja si wakfu. Kwa maana wakfu hauuzwi, na nyumba nzuri yenye mlango wa nakshi yaweza kuwa imesimama juu ya ardhi ambayo babu mmoja aliitoa kwa msikiti au kwa kizazi chake, asimwachie mjukuu haki ya kuipiga mnada. Na kama mwenye nyumba amefariki, basi lazima warithi wajulikane, msimamizi wa mirathi ateuliwe, na mahakama ithibitishe idhini yake, jambo ambalo kwa taratibu za kawaida za Sheria ya Urithi halifanyiki kabla ya miezi sita kupita. Mnunuzi anayemwambia wakili wake, "Ruka hayo, twende mbele," ajue anachoruka.

Upekuzi wenyewe nao si kazi nyepesi kama udhaniwavyo, na sababu yake ni ya kihistoria. Kabla ya 2012 ardhi ya nchi hii iliandikishwa chini ya sheria kadhaa zilizokaa pamoja bila ya kujuana: Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, iliyotungwa mahsusi kwa ukanda wa maili kumi wa pwani, Sheria ya Ardhi za Serikali ya 1915, Sheria ya Uandikishaji wa Hatimiliki ya 1919, Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa ya 1963, na nyuma ya zote, Sheria ya Uhamishaji wa Mali ya 1882, ambayo Waingereza waliichukua India wakaja nayo huku. Mwaka 2012 Bunge lilizifuta na kuweka Sheria ya Uandikishaji wa Ardhi mahali pake. Lakini sheria ikifutwa, karatasi zake hazifutiki, na nyumba ya Kizingo au ya Tudor yaweza kuwa bado imeshikwa kwa hati iliyotolewa chini ya sheria isiyokuwapo tena. Na kwa kuwa nimeitaja ile ya 1908, nikumbushe kwamba hiyo ndiyo iliyowataka watu wa pwani waje kudai ardhi zao kwa muda waliowekewa, na ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Wako waliokuwa safarini, wako wasioelewa lililotangazwa, wako walioona ni kichekesho mtu kwenda kudai shamba alilozikwa babu yake. Muhula uliwekwa juu yao. Sijui kama kuna afisa yeyote wa zama zile aliyewekewa muhula wa kuwajibu.

Ile sheria ya 1919 ilifuata utaratibu ulioanzishwa Australia Kusini mwaka 1858 na Robert Torrens, ambaye kusudi lake lilikuwa kumwondolea mnunuzi taabu ya kufukua historia: daftari la serikali liwe ndilo neno la mwisho, jina lililomo humo liwe ndilo la mwenye mali, na anayenunua kwa kulitegemea alindwe. Ni fikra nzuri, na ilitutumikia vya kutosha mpaka zilipokuja zama za viwanja vya umma kugawiwa wakubwa kama peremende za sikukuu. Hapo daftari likaanza kusema uongo, na mahakama zikalazimika kuchagua kati ya kumlinda mnunuzi na kuulinda umma. Uamuzi ulikuja tarehe 21 Aprili 2023, Mahakama ya Juu ilipohukumu kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kwa ajili ya kiwanja cha Nyali kilicho karibu na ufuo, ambacho asili yake kilikuwa uwanja wa wazi wa umma, kikatolewa kwa mtu binafsi, kisha kikauzwa na kuuzwa tena. Mahakama ilisema kwamba ikiwa shina la hati lilikuwa batili, tawi lake halinusuriki. Na mnunuzi hawezi kusimama nyuma ya hatimiliki na kusema, "Mimi nilinunua kwa nia njema," ikiwa kule ilikoanzia haki ilikiukwa.

Mimi naiona hukumu hiyo kuwa ya haki, maana bila ya hiyo kila uwanja wa michezo ungesafishwa kwa kuuzwa mara mbili. Lakini lazima tukiri lililofuata: kazi ambayo Torrens alitaka kumwondolea mnunuzi imerudishwa mabegani mwake. Kuanzia siku ile wakili mwenye hadhari hatosheki kutazama jina la leo daftarini. Atataka kujua aliyeuza kabla ya muuzaji, na kabla yake, mpaka afike kwenye barua ya kwanza ya ugawaji, na kila karatasi katika hizo imo katika ofisi fulani, ndani ya jalada fulani, chini ya mkono wa karani fulani. Siku za kinga zimeongezeka, na zote zinapitia katika mlango ule ule.

Atakayeona haya ni mengi atazame bai nyingine inayofanyika kila siku katika mji wa Mombasa, ambayo haina ngojea hata chembe. Majengo, Likoni, Kisauni na kwingineko zipo nyumba bila ardhi, yaani nyumba ambayo kuta na paa ni za mtu mmoja na ardhi chini yake ni ya mwingine, mwenye nyumba akimlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Nyumba kama hiyo huuzwa asubuhi na kuhamiwa jioni: wazee wawili wanashuhudia, karatasi inaandikwa, pengine chifu au wakili anapiga mhuri, fedha zinahesabiwa mezani, na watu wanakula halua. Hakuna upekuzi kwa sababu hakuna daftari la kupekua. Hakuna ushuru wa stempu kwa sababu hakuna ardhi inayohamishwa. Ni bai nyepesi kupita zote, na ndiyo inayomwacha mtu dhaifu kupita wote siku mwenye ardhi atakapotaka ardhi yake, au atakapoiuza kwa mwingine aliye na mipango ya ghorofa. Anayetaka wepesi wa siku moja anaupata. Auangalie wepesi huo umekuja na nini.

Sasa nifike kwenye siku za aina ya pili. Baada ya upekuzi kutoa majibu mema, hubaki kupatikana kwa vyeti na vibali: cheti cha kaunti kwamba kodi ya kiwanja haidaiwi, cheti cha wizara kwamba pango la ardhi limelipwa, ikiwa kiwanja ni cha kukodishwa, kibali cha kuhamisha, na vijijini, katika mashamba ya Kilifi na Kwale, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Kisha mthamini wa serikali huja kukadiria thamani, ushuru wa stempu hulipwa, asilimia 4 mijini na asilimia 2 kwingineko, na waraka wa uhamisho hupelekwa kuandikishwa. Hakuna hata moja katika hatua hizo inayomhitaji karani afikirie kwa wiki tatu. Ama kodi imelipwa ama haikulipwa. Daftari lake mwenyewe linajua.

Tazama basi namna sheria ilivyogawa muhula katika hatua hizo. Ombi la idhini ya bodi ya ardhi, kwa Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967, lazima lipelekwe ndani ya miezi sita tangu kufanya mapatano, na idhini isipopatikana mapatano yanakuwa batili, mnunuzi asiwe na la kudai ila fedha yake. Muhula huo ni wa wananchi. Ushuru wa stempu una siku 30 tangu waraka kutiwa sahihi, na baada ya hapo faini. Muhula huo ni wa mnunuzi. Fedha iliyosalia ina siku 90 katika mkataba, na baada ya hapo ilani, aghalabu ya siku 21, kisha riba ya ucheleweshaji au kupoteza arbuni. Muhula huo ni wa mnunuzi pia. Barua ya benki ya kukubali mkopo ina tarehe yake ya kufa. Hata muuzaji anao wake, maana kodi ya faida ya mtaji, iliyorudishwa mwaka 2015 kwa asilimia 5 na kupandishwa mpaka asilimia 15 kuanzia Januari 2023, ina siku yake ya kulipwa. Wote hao wamewekewa tarehe, na tarehe zina meno. Ofisi inayotoa cheti, mthamini anayekuja kutazama, karani anayeandikisha, wao wana mabango ya ahadi ukutani, na ahadi ya ukutani haijapata kumtoza mtu riba.

Mnamo Mei 2014 ofisi ya uandikishaji wa ardhi ya Nairobi ilifungwa siku kumi za kazi ili majalada yake yapangwe upya, kwa amri ya waziri wa wakati ule, Charity Ngilu. Ilikuwa kazi ya lazima, wala simlaumu aliyeiamuru. Lakini mnunuzi ambaye siku zake 90 zilikuwa zikienda wakati ule hakupewa na sheria yoyote siku kumi badala ya zile zilizofungwa. Alibaki na alichokumbuka wakili wake kukiandika katika mkataba, na kama wakili hakukumbuka, alibaki na huruma ya muuzaji.

Na tuhesabu ngojea hiyo inamgharimu nini mtu wa kawaida, tusiseme kwa hewa. Chukua nyumba ya shilingi milioni 6. Arbuni ni 600,000, imelala kwa wakili. Ushuru wa stempu ni 240,000, lazima uwe tayari kabla ya siku yake. Ada ya wakili, mpima na mthamini zinafuata. Mikopo ya nyumba katika nchi hii nzima, kwa hesabu za Benki Kuu za mwaka 2023, ilikuwa kama 30,000 tu, kwa hiyo wengi wa wanunuzi wa kwanza hawaiendei benki bali huenda kwenye ushirika wao wa akiba na mikopo, au huuza gari, au huwaomba ndugu walioko Ughaibuni, na fedha za ushirika huanza kulipiwa riba siku zinapotoka, si siku hatimiliki inapotoka. Wakati huo huo kodi ya pango inalipwa kule wanakokaa. Kwa tajiri anayenunua nyumba ya tano, mwezi mmoja wa kuchelewa ni kero; kwa karani wa bandarini anayenunua ya kwanza, ni mshahara wa mwezi mzima uliogawanywa kati ya nyumba asiyoimiliki na nyumba asiyoweza kuingia. Serikali yenyewe imekiri kwamba mnunuzi wa kwanza anastahili kusaidiwa, ndiyo maana tangu 2018 imemsamehe ushuru wa stempu anayenunua nyumba yake ya kwanza chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu. Ni msamaha mzuri. Lakini muda haukusamehewa, na waliobaki nje ya mpango huo hawakupata lolote.

Najua jibu litakalotolewa, kwa sababu hutolewa kila mara: subirini, mtambo unakuja. Mtambo umekwisha kuja. Ardhisasa ilizinduliwa tarehe 27 Aprili 2021, ikaanzia Nairobi, na anayeweza kufanya upekuzi akiwa kwake badala ya kupanga foleni hana budi kushukuru. Hata hivyo mtambo huharakisha kazi ya mtu anayetaka kuifanya. Ombi lililolala juu ya meza ya mbao na ombi lililolala ndani ya kompyuta yote mawili yamelala, tena la pili ni gumu zaidi kuliona. England wana daftari la ardhi tangu 1862 na upekuzi wao hufanyika kwa intaneti, na bado mnunuzi wao hungoja miezi, kwa kuwa kila muuzaji naye ananunua kwingine, na mmoja akikwama wote hukwama. Wafaransa hawakutegemea mtambo, waliandika tarehe. Kwao aliyetia sahihi mkataba wa awali wa kununua nyumba ana siku 10, kwa sheria, za kurudi nyuma bila ya kupoteza senti moja, na siku hizo hakuna anayeweza kumnyang'anya. Huo ni muhula uliowekwa kwa faida ya mnunuzi, kitu ambacho katika sheria zetu nimekitafuta na sikukiona.

Msingi wa kudai haya tunao. Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutendewa kazi za utawala kwa haraka, kwa ufanisi, kwa mujibu wa sheria na kwa uadilifu, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 ikaja kuifafanua haki hiyo. Lakini "haraka" ni neno ambalo karani ana tafsiri yake na mnunuzi ana yake, na kuwapeleka mahakamani wakatafsiriwe kutakula muda zaidi kuliko kile wanachogombania. Kinachohitajika ni Bunge kuandika, ndani ya Sheria ya Uandikishaji wa Ardhi na kanuni zake, idadi ya siku kwa kila hatua: siku kadhaa za cheti, kadhaa za mthamini, kadhaa za kuandikisha.

Na siku hizo zikipita bila ya jibu? Wako wanaosema kibali kihesabiwe kimetolewa. Hapo mimi natofautiana nao, kwa sababu katika nchi iliyopoteza viwanja vya umma kwa mihuri ya haraka, kukaa kimya kukifanywa idhini, watapatikana wa kununua ukimya huo. Linalofaa ni jingine: siku za ofisi zikipita, siku za mnunuzi zisimame kwa amri ya sheria, asitozwe riba wala faini kwa muda usio wake, ada aliyolipa irudishwe, na afisa mwenye jalada aandike, kwa jina lake, sababu ya kuchelewa. Hayo matatu yakiwapo, sidhani tutahitaji la nne.

Upande wa muuzaji nao uguswe. Uskoti, tangu Desemba 2008, anayetaka kuuza nyumba hutakiwa kwanza aandae ripoti ya hali yake na thamani yake kabla ya kuitangaza. England walijaribu jambo la karibu na hilo mwaka 2007, wakalisimamisha 2010 baada ya kelele za wenye biashara ya nyumba. Mimi ningependa tufuate Waskoti na kuwazidi kidogo: asipokee mtu arbuni ila awe na upekuzi wa karibuni mkononi, na cheti cha kodi ya kiwanja, na ridhaa ya mwenziwe wa ndoa, na kama nyumba ni ya mirathi, idhini ya mahakama iliyokwisha kuthibitishwa. Madalali watasema hili litapunguza biashara. Litapunguza ile ambayo haikuwa biashara: ya watu kuuza wasichoweza kukihamisha, wakakaa na fedha ya mwenzao huku wakitafuta karatasi ambazo wangalipaswa kuzitafuta kabla ya kufungua mdomo.

Wabunge wa pwani, ambao kila uchaguzi hutusomea historia ya dhuluma za ardhi tangu 1908, wana hapa jambo dogo lililo katika uwezo wao, lisilohitaji tume wala fidia, nao wana haja ya kuulizwa kwa majina kwa nini hawajalipeleka Bungeni. Na wewe uliyekubaliwa juzi, uliyekwisha kuchagua rangi ya ukuta: hakikisha mkataba umeandikwa na kushuhudiwa, mtake wakili atie ndani yake shuruti kwamba ucheleweshaji wa ofisi ya serikali hausimami juu yako, fedha iliyosalia isimfikie muuzaji mpaka uhamisho uwe umeandikishwa, wala usimpe mwenye nyumba unayokaa sasa notisi ya kuhama mpaka uone hatimiliki imeandikwa jina lako.